Kuandaa ngozi kwa tretinoini kabla ya pilingi au leza: mwongozo kamili kwa ngozi nyeusi na jua la Arusha na Moshi

Makosa ni yale yale. Mtu anapewa miadi ya pilingi, anakumbuka tretinoini (dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A) zikiwa zimebaki wiki mbili, anaipaka kila usiku ili kufidia muda, na siku ikifika uso umekauka, unawasha, pembe za pua zimepasuka. Akiwa na bahati daktari anamrudisha nyumbani. Akikutana na mtu asiyeuliza maswali, asidi inazama kwenye ile mipasuko, na mwezi mmoja baadaye ana mabaka meusi zaidi ya yale aliyokwenda kuyaondoa.

Ngozi iliyoandaliwa vizuri inafika siku ya miadi ikiwa imetulia. Hilo likikaa kichwani, hatua zote zilizo hapa chini zitaeleweka.

Tusichanganye pia maneno. Pilingi ni asidi iliyopimwa, inayopakwa na mtaalamu kwa dakika chache ili kuvua tabaka la juu la ngozi lijijenge upya. Kujichubua kwa mkorogo ni habari nyingine, na kama umewahi kuutumia, Hatua ya 1 inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tretinoini ya krimu, asilimia 0.025. Ni dawa ya cheti. Krimu inakausha kidogo kuliko jeli, ndiyo maana tunaanza nayo. Asilimia 0.1 iache: inawasha zaidi, na ngozi inayowashwa ndiyo inayobaki na madoa.
- Au adapalini ya jeli, asilimia 0.1, kama una chunusi au ngozi yako ni nyepesi kukasirika. Ni ndugu yake tretinoini, mpole zaidi, na haiharibiwi na mwanga kirahisi.
- Sabuni laini ya uso, isiyo na manukato wala chembe za kusugulia. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo.
- Losheni nyepesi ya uso yenye gliserini, isiyo na manukato.
- Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kopo dogo.
- Krimu ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, inayokinga pia UVA, ile miale ya jua inayozama ndani ya ngozi. Ukipata yenye rangi ya kahawia, chukua hiyo. Rangi ile hutoka kwenye oksidi ya chuma, ambayo huzuia mwanga unaoonekana kwa macho, na kwenye ngozi nyeusi mwanga huo nao huamsha mabaka.
- Kofia ya ukingo mpana au mtandio, na daftari la kuandika usiku uliopaka.

Ukiwa famasia, isome lebo ya tyubu kabla ya kulipa. Zipo krimu zinazochanganya tretinoini, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya tyubu moja, na wengi huzinunua wakidhani ni tretinoini tupu. Ukiona jina kama klobetasoli, betamethasoni, mometasoni au fluosinoloni, hiyo ina steroidi. Mchanganyiko wa namna hiyo daktari huutoa kwa muda mfupi kwa sababu maalumu. Usijiandikie mwenyewe.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kuanza

Usianze kama una mimba, unatafuta mimba au huna uhakika. Zungumza na daktari pia kama unanyonyesha. Retinoli ya dukani ni ya jamii moja na tretinoini, kwa hiyo katazo ni hilo hilo, hata ikiwa imeandikwa ni kipodozi.

Usianze juu ya kidonda kibichi, pumu ya ngozi iliyoamka, au hepesi ya midomo iliyotoka. Kama hepesi hukurudia mara kwa mara, mwambie daktari mapema. Pilingi na leza vinaweza kuiamsha, na huenda akakupa vidonge vya kinga kuanzia kabla ya siku yenyewe. Mwambie pia kama mwili wako huota makovu ya kunyanyuka, na kama umewahi kumeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi, ukitaja mwezi uliomaliza. Kanuni ya zamani ilikuwa kusubiri miezi sita baada ya vidonge hivyo. Siku hizi imelegezwa kwa pilingi nyepesi na leza ya nywele, lakini kwa leza zinazokwangua ngozi yote ya uso tahadhari bado ipo. Uamuzi ni wa daktari, ila hawezi kuamua juu ya asichokijua.

Sasa mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini makopo yasiyo na lebo bado yanazunguka, na mengi yana steroidi kali. Steroidi inaifanya ngozi kuwa nyembamba na kuidumaza. Ukiiacha ghafla, uso hulipuka: unawaka, unatoa vipele, unavimba. Ukiweka tretinoini juu ya ngozi hiyo, kisha asidi, hakuna atakayeweza kusema nini kimesababisha nini. Na kama mashavu yamepata weusi wa kibuluu usiosogea, huenda ni haidrokwinoni iliyotumika kwa muda mrefu ndiyo iliyoutengeneza, na pilingi ya haraka inaweza kuuzidisha.

Katika hali hiyo mwone daktari wa ngozi kwanza. Kwa ukanda huu, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi (RDTC) kipo hospitali ya KCMC, Moshi. Mpe ukweli wote, hata jina la kopo. Unaweza kuambiwa usubiri miezi kadhaa. Kubali.

Umefaulu kama: huna kizuizi hata kimoja hapo juu, au daktari amekijua na kukuruhusu.

## Hatua ya 2: Hesabu kutoka siku ya miadi kurudi nyuma

Wiki mbili hazitoshi. Ngozi huhitaji wiki tatu au nne kuizoea tretinoini tu, na faida yenyewe huja baada ya hapo: tabaka la seli zilizokufa linakuwa jembamba na sawasawa, asidi inaingia kwa kiasi kimoja uso mzima, na ngozi inapona haraka zaidi. Sisi tunahesabu wiki nane, na siku tano za jaribio kabla yake.

Tuseme miadi ni tarehe 20 Juni:

- 20 hadi 24 Aprili: jaribio (Hatua ya 3)
- 25 Aprili hadi 8 Mei: usiku mara mbili kwa wiki
- 9 hadi 22 Mei: usiku mmoja unapaka, mmoja unaruka
- 23 Mei hadi 12 Juni: kila usiku, kama ngozi inakubali
- 13 hadi 19 Juni: mapumziko, hakuna tretinoini

Juni hatukuichagua ovyo. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa juu ya Meru na Kilimanjaro, watu huvaa masweta, na uso unapigwa jua kidogo kuliko Januari au Februari. Ubaya wake ni kwamba baridi ya Arusha hukausha ngozi, kwa hiyo losheni iongezwe. Na wingu lisikudanganye: UVA hupita.

Kama miadi yako ni baada ya wiki tatu na hujaanza, isogeze. Ikishindikana, nenda bila tretinoini kabisa na umwambie mtaalamu. Ngozi ambayo haijaandaliwa lakini imetulia ni salama kuliko iliyoandaliwa kwa pupa.

## Hatua ya 3: Jaribu kwenye kipande kidogo

Paka kiasi cha kichwa cha kiberiti chini ya taya, karibu na sikio, usiku mara tatu mfululizo, kisha tazama kwa siku mbili. Kuwashwa kidogo na ukavu ni kawaida. Malengelenge, uvimbe au kuwashwa kunakokunyima usingizi ni ishara ya kuacha na kurudi kwa aliyekuandikia.

## Hatua ya 4: Jifunze kupaka

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo twende taratibu.

Nawa uso jioni kwa maji ya uvuguvugu. Kama umeshinda kwenye bodaboda au kifodi na vumbi limekujaa, nawa mara mbili kwa sabuni ile ile laini. Usisugue kwa dodoki wala taulo gumu. Kausha kwa kugusisha kitambaa.

Subiri dakika 20 hadi 30. Ngozi yenye unyevu huinywa dawa haraka na kuwashwa zaidi. Tumia muda huo kupiga pasi au kula.

Chukua mafuta ya mgando kidogo kwa kidole, pitisha kwenye pembe za macho, mikunjo ya pua, pembe za mdomo. Ni sehemu nyembamba, na krimu hupenda kujikusanya hapo.

Kamua krimu kwenye ncha ya kidole: kiasi cha punje moja ya njegere. Moja tu, kwa uso mzima. Iweke kwa vitone vitano: paji la uso, shavu la kulia, shavu la kushoto, kidevu, na kimoja kidogo juu ya pua. Kisha tandaza kutoka kila kitone kuelekea nje mpaka isionekane. Ukimaliza na bado uso una weupe, umeweka nyingi. Usiipake kwenye doa peke yake ukidhani utaliondoa haraka. Utapata doa lenye duara la ngozi iliyoungua.

Baada ya dakika kumi, paka losheni. Kama ngozi yako ni kavu, weka losheni kabla na baada, dawa ikae katikati. Inapunguza makali kidogo, na hilo ni sawa kwa wiki za mwanzo.

Kipimo cha haraka cha kama unazidisha ni tyubu yenyewe. Punje ya njegere ni takribani robo gramu, kwa hiyo tyubu ya gramu 20 inatosha usiku 80 hivi. Ikiisha ndani ya mwezi, huhitaji kuuliza kwa nini uso unawaka.

Tretinoini huvunjwa na mwanga, na benzoili peroksaidi inaiharibu. Kwa hiyo ipakwe usiku, tyubu ikae kabatini mbali na dirisha, na dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi itumike asubuhi au iachwe.

## Hatua ya 5: Pandisha, na ujifunze kuisoma ngozi nyeusi

Maelezo mengi yanasema "ukiona wekundu, punguza". Kwenye ngozi nyeusi utausubiri wekundu huo mpaka madhara yaishe kutokea. Sisi tunatazama mambo mengine:

Maji. Asubuhi, kabla ya kitu chochote, nawa kwa maji matupu. Yakichoma pembezoni mwa pua au kwenye mashavu, ukuta wa ngozi umevunjika. Ruka usiku wa leo na wa kesho.

Kung'aa. Paji la uso likianza kung'aa kama karatasi ya nailoni huku likivuta unapocheka, hiyo si nuru ya ngozi nzuri. Limekauka na limekasirika.

Rangi. Sehemu inayowashwa huanza kuwa ya kijivu au kuiva weusi kuliko jirani yake. Ukifika hapo umechelewa: acha siku tano hadi saba, losheni na mafuta ya mgando tu, kisha rudi hatua moja nyuma kwenye ratiba.

Kuchubuka kwa unga mwembamba wiki ya pili hadi ya nne ni kawaida. Usiubandue kwa kucha. Vipele vidogo vya chunusi vinaweza kuongezeka kwa wiki kadhaa za mwanzo kwa sababu vilivyokuwa chini vinasukumwa juu. Vikizidi wiki sita au nane, au vikiwa na maumivu makali, mwone daktari.

Kama hata usiku mara mbili kwa wiki unakushinda, paka kwa dakika 30 hadi 60 kisha nawa. Wengi huvumilia hivyo. Na kama hutafika "kila usiku", usihesabu kuwa umefeli. Anayepaka usiku mara tatu kwa wiki bila kuwashwa ameandaliwa vizuri kuliko anayepaka kila siku huku akikunja uso kwa maumivu.

Katika wiki zote hizi weka kando: visugulio vya uso, singo, ndimu, asidi nyingine za dukani, fesho za mvuke za saluni, na uondoaji wa nywele za uso kwa nta. Nta juu ya ngozi yenye tretinoini huondoka na ngozi. Wembe mpya, kwa mkono mwepesi, unaruhusiwa.

Umefaulu kama: siku 10 za mwisho kabla ya mapumziko zimepita bila maji kuchoma, bila kuchubuka kunakoonekana, na uso una rangi moja kama ilivyokuwa mwanzo au bora zaidi.

## Hatua ya 6: Jua

Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inayounguza (UV) inavyoongezeka, takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Hewa ya ubaridi inakudanganya kwamba jua ni dogo, ngozi haidanganyiki.

Paka krimu ya kukinga jua kila asubuhi: mistari miwili, kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Watu wengi hupaka nusu ya hapo na kupata kinga pungufu sana. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, kofia au mtandio uwe juu. Mwenye meza soko la Kilombero au la Mbuyuni anahitaji mwamvuli juu ya meza pamoja na krimu. Krimu peke yake haiwezi siku nzima ya nje.

Kama kazi yako haikuruhusu kujikinga, zungumza na mtaalamu kuhusu kuahirisha. Pilingi bila kinga ya jua ni kujitengenezea mabaka kwa kulipia.

## Hatua ya 7: Acha tretinoini siku saba kabla

Hatua hii inarukwa kuliko zote. Tretinoini iliyopakwa jana yake inafanya asidi izame ndani kuliko mtaalamu alivyokusudia. Kwa ngozi nyeusi inayoacha madoa kirahisi, tunapendelea siku saba. Daktari wako akisema tano au kumi na nne, mfuate yeye, kwani anajua asidi atakayotumia.

Siku hizo saba hazihitaji ujanja. Nawa, losheni, kinga ya jua. Usijaribu kipodozi kipya, usiende kutoa nyusi kwa nta wala uzi.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika na uso safi, bila vipodozi. Beba tyubu na daftari. Sema bila kuulizwa: nimetumia hiki, asilimia hii, mara ya mwisho usiku wa tarehe fulani.

Nawe uliza: asidi gani, asilimia ngapi, itakaa dakika ngapi? Kwa ngozi nyeusi, mwanzo wa busara ni asidi ya salisili ya asilimia 20 hadi 30, au asidi ya glaikoli ya chini, ya 20 hadi 35. Glaikoli ni lazima izimwe, mara nyingi kwa maji ya bikaboneti. Salisili hujizima yenyewe na kuacha unga mweupe wa fuwele. Asidi ya TCA huzama zaidi na inataka mkono wenye uzoefu. Mtu asiyejua kukutajia asilimia, au anayemimina kutoka kwenye chupa isiyo na lebo, mshukuru na uondoke.

Ahirisha kama kuna sehemu inayochoma kwa maji, kipele kilichotumbuliwa, hepesi, au ulichomwa na jua wiki hiyo. Asidi hutafuta penye mlango.

## Kama ni leza

Ratiba ya kuacha ni ile ile, lakini matarajio yawe madogo. Kwa pilingi faida ya tretinoini inaeleweka vizuri. Kwa leza, hasa zile za CO2 zinazokwangua ngozi, kutumia tretinoini kabla hakujathibitishwa kuzuia weusi unaofuata. Kwa leza ya kuondoa nywele huna sababu ya kuanza tretinoini kabisa; kama tayari unaitumia, iache siku tano hadi saba kabla.

Kilicho muhimu zaidi ni mashine. Kwa ngozi nyeusi, leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 ndiyo salama zaidi kwa nywele, kwa sababu miale yake hunaswa kidogo na rangi ya ngozi. Mwanga wa IPL (mwanga mkali wa kumulika, si leza halisi) hunaswa sana na rangi hiyo na unaweza kuunguza. Vifaa vingi vya IPL vya nyumbani havikutengenezwa kwa ngozi yetu. Omba jaribio la kipande kidogo, na usikubali uso mzima siku hiyo hiyo. Weusi wa baada ya leza unaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, kwa hiyo majibu ya kesho yake hayatoshi.

Kwa nywele, nyoa kwa wembe siku moja kabla. Usitumie nta wala kung'oa kwa wiki nne, maana leza inahitaji kukuta mzizi.

## Hatua ya 9: Kurudi kwenye tretinoini

Baada ya pilingi nyepesi, ngozi hukaza, huiva kahawia, kisha huanza kubanduka siku ya tatu hivi na kumaliza ndani ya wiki. Weusi huo wa muda ni kawaida. Paka mafuta ya mgando, nawa kwa upole, acha magamba yaanguke yenyewe. Ukibandua gamba ambalo halijakomaa unaacha doa la miezi.

Rudi ulikotibiwa haraka kama maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, kukitokea malengelenge, usaha, au vipele vidogo vya maji vilivyojikusanya pamoja.

Tretinoini inarudi pale ambapo hakuna gamba lililobaki na maji hayachomi, mara nyingi siku ya saba hadi ya kumi kwa pilingi nyepesi. Kwa pilingi ya kati au leza inayokwangua, subiri ruhusa ya daktari. Inaweza kuwa mwezi. Anza kwa usiku mara mbili kwa wiki, usirukie kila usiku kwa sababu ulikuwa umezoea.

Kama umepangiwa pilingi kadhaa zenye nafasi ya wiki nne, hesabu yako ni hii: wiki ya kwanza kupona, wiki mbili za tretinoini usiku mara mbili kwa wiki, wiki ya nne mapumziko. Ikitokea wiki ya kwanza haikutosha kupona, kipande kinachokatwa ni kile cha tretinoini. Mapumziko ya siku saba yanabaki kama yalivyo.